Aliyepigwa na radi hana umeme mwilini: mguse, umwokoe

Ikiwa ulilelewa Kisii au Nyamira, ama umewahi kuoa, kuolewa au kufanya kazi huko, basi unajua jinsi siku inavyoweza kugeuka. Asubuhi jua ni kali, nguo zimeanikwa, wachuma majani chai wanafuta jasho. Saa nane mawingu meusi yanajikusanya juu ya vilima vya Manga. Saa tisa upepo baridi unavuma, mabati yanaanza kupiga kelele, na kabla hujamaliza kuanua nguo, mbingu inapasuka.

Mvua hiyo hainyeshi sana. Saa kumi na moja jua limerudi, migomba inadondosha matone, na watoto wako nje tena. Lakini mara nyingi, kutoka boma fulani ng'ambo ya kijito, utasikia ukemi wa mama.

Wasomaji wengine watauliza: radi na daktari, wapi na wapi? Tumezoea ukurasa huu ukizungumzia malaria, shinikizo la damu na kisukari. Jibu langu ni kwamba radi ni ugonjwa wa dakika tano. Anayeufahamu anaweza kuokoa maisha bila dawa, bila sindano na bila daktari. Asiyeufahamu humwacha mtu afe huku akimtazama.

Kisa ambacho sijakisahau

Nilikuwa katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi katika hospitali moja ndogo huko Gusii. Alasiri moja pikapu ililetwa mbio hadi mlangoni. Wavulana watatu walikuwa wamejikinga mvua chini ya mparachichi walipokuwa wakitoka shuleni, na radi ikaupiga mti huo.

Wawili walikuwa wakilia kwa sauti. Mmoja alisema hasikii vizuri, mwingine alisema miguu yake imekufa. Wa tatu alikuwa amelazwa nyuma ya gari, amefunikwa leso.

"Huyo amekwenda, daktari," mzee mmoja aliniambia. "Shughulika na hawa."

Nami nikashughulika na hao. Niliwapima, nikawafunga vidonda, nikawaandikia dawa. Nilipofika kwa yule wa tatu, kweli hapakuwa na la kufanya.

Jioni mamake alinieleza jambo ambalo lilininyima usingizi. Walipofika chini ya ule mti, mtoto alikuwa bado anavuta pumzi, moja moja, kama anayekwikwi. Watu walisimama kando. Waliogopa kumgusa kwa sababu waliamini umeme ulikuwa bado mwilini mwake. Walisubiri utoke. Walipoona ametulia kabisa, ndipo wakamwinua.

"Daktari," aliniuliza, "kama tungemgusa?"

Sikumjibu siku ile. Niliinamisha kichwa tu. Makala haya ndiyo jibu lake, ingawa limechelewa.

Kwa nini Gusii?

Kaunti za Kisii na Nyamira, ambazo zamani zilikuwa wilaya moja, ziko kwenye nyanda za juu mashariki mwa Ziwa Victoria. Mji wa Kisii wenyewe uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na vilima vya upande wa Keroka na Nyansiongo hupita mita 2,000.

Ziwa hilo lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,000 hivi. Mchana, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupanda, na hewa yenye unyevu kutoka ziwani huvuma kuchukua nafasi yake. Ikifika kwenye vilima vya Gusii, haina njia ila kupanda. Huko juu hukutana na pepo zinazotoka mashariki, na zote mbili husukumwa juu zaidi.

Hewa hiyo ikipanda hupoa, unyevu wake ukawa matone, na matone yakawa barafu. Ndani ya wingu, chembe za barafu hugongana na kusuguana. Kusuguana huko ndiko kunakozaa chaji za umeme, chanya upande wa juu na hasi upande wa chini. Chaji zikizidi kiasi, wingu hujitua mzigo wake. Hiyo ndiyo radi.

Ndiyo maana asubuhi yenye jua kali huko kwetu si ahadi ya jioni njema. Joto lile ndilo kuni za tufani. Na ndiyo maana jirani zetu wa Kericho na Nandi wanajulikana duniani kwa mvua ya mawe. Takwimu zilizokusanywa miaka ya nyuma katika mashamba ya chai ya huko zilionyesha wastani wa siku 132 kwa mwaka zenye mvua ya mawe. Mawingu yanayomwaga mawe ndiyo hayo hayo yanayopiga radi.

Usiku mambo hugeuka. Maji huwa na joto kuliko nchi kavu, na tufani huhamia ziwani, ambako wavuvi hupotea.

Ongeza jambo moja zaidi: watu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, katika eneo dogo ambalo karibu kila kipande kimelimwa. Radi inayopiga nyika tupu haimuui mtu. Radi inayopiga Gusii ni vigumu ikose boma.

Siku ambazo dunia haikuzisahau

Usidhani sisi pekee ndio tunaopatwa na msiba huu. Historia ina siku nyingi zilizoanza vizuri zikaisha kwa kilio, na kila moja ina funzo la kitabibu.

Tarehe 11 Julai 1819, wakati wa kiangazi huko Ulaya, waumini wa kijiji cha Châteauneuf-lès-Moustiers nchini Ufaransa walikuwa kanisani radi ilipoingia ndani. Watu 9 walikufa na 82 wakajeruhiwa. Funzo: paa na kuta pekee si kinga.

Nusu karne kabla ya hapo, Agosti 1769, radi ilipiga ghala la baruti katika mji wa Brescia, Italia. Inakadiriwa kwamba maelfu ya watu walikufa na sehemu kubwa ya mji ikabomoka. Wakati huo Benjamin Franklin wa Marekani alikuwa amekwisha kueleza jinsi fimbo ya chuma na waya vinavyoweza kuteremsha radi ardhini kwa usalama. Baada ya msiba huo wengi waliokuwa wakimpinga walianza kumsikiliza.

Tarehe 23 Desemba 1975, ambayo kusini mwa Afrika ni katikati ya majira ya joto na mvua, watu walikimbilia kibanda kimoja mashariki mwa nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Radi moja iliwaua watu 21 mle ndani. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limelitambua tukio hilo kuwa ndilo lililoua watu wengi zaidi kwa pigo moja la radi la moja kwa moja.

Tarehe 28 Juni 2011, hapa jirani Uganda, radi ilipiga Shule ya Msingi ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo. Wanafunzi 18 na mwalimu wao walikufa, na makumi ya wengine wakaumia.

Tarehe 26 Agosti 2016, katika nyanda za Hardangervidda nchini Norway, kulungu wa baridi 323 walikutwa wamelala chini, wafu, kundi zima mahali pamoja. Hakuna aliyewagusa ila radi.

Tarehe 10 Machi 2018, siku ya Jumamosi, Waadventista walikuwa ibadani katika wilaya ya Nyaruguru, kusini mwa Rwanda. Radi iliwaua watu 16 na kuwajeruhi zaidi ya 100. Nawe unajua ni makanisa mangapi ya namna hiyo yaliyo juu ya vilima vya Gusii, na jinsi yanavyojaa siku ya Sabato.

Na tarehe 2 Novemba 2024, watu 14 walikufa na 34 kujeruhiwa walipokuwa wakisali katika kambi ya wakimbizi ya Palabek, kaskazini mwa Uganda.

Ona jinsi visa hivi vinavyofanana. Kanisa, darasa, kibanda. Watu walikuwa wamejisitiri, tena wakiwa pamoja. Sababu yake nitaieleza.

Njia tano za radi

Wengi hufikiri radi huteremka moja kwa moja juu ya utosi wa mtu. Hilo hutokea mara chache sana. Kuna njia nyingine nne.

Ya pili ni kugusa kitu kilichopigwa: ua la seng'enge, kamba ya nguo ya waya, mlango wa chuma, bomba la maji.

Ya tatu ni kurukiwa. Radi hupiga mti, kisha sehemu yake huruka kutoka shinani hadi kwa mtu aliyesimama karibu, kwa sababu mwili wa binadamu, uliojaa maji na chumvi, hupitisha umeme vizuri kuliko gogo. Hiki ndicho kilichowapata wale wavulana watatu.

Ya nne, ambayo huwadhuru watu wengi kuliko zote, ni umeme unaotambaa ardhini. Radi ikipiga mahali, nguvu yake husambaa kama mawimbi ya jiwe lililotupwa majini. Ukisimama umeachanisha miguu, mguu mmoja huwa kwenye nguvu kubwa na mwingine kwenye nguvu ndogo. Umeme hupanda mguu huu na kushukia ule.

Sasa unaelewa kilichowaua wale kulungu 323, na kwa nini ng'ombe hufa hata kama mchungaji amepona. Miguu ya mbele ya ng'ombe iko mbali na ya nyuma, na moyo uko katikati ya safari hiyo.

Ya tano ni umeme unaopanda kutoka ardhini kupitia mwili wa mtu kuulaki ule unaoshuka kutoka mawinguni. Hata kama hazikukutana, mtu huweza kuumia.

Mwilini hutokea nini?

Radi ya kawaida hubeba ampia 30,000 hivi, na joto la mkondo wake hufika kama nyuzi 30,000 za Selsiasi, mara tano ya joto la uso wa jua. Utashangaa basi kusikia kwamba katika kila watu 10 wanaopigwa na radi, kwa kawaida 9 huweza kupona.

Siri ni muda. Radi hupita kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, na sehemu kubwa yake huteleza juu ya ngozi, hasa ikiwa imelowa. Ndiyo maana hatuoni mara nyingi majeraha ya kuungua kwa ndani kama ya mtu aliyeshika nyaya za stima.

Kinachoua ni moyo na pumzi. Sikiliza vizuri hapa, kwa kuwa ndipo uhai ulipo.

Umeme huo mkubwa husimamisha moyo ghafla. Lakini Mungu ameupa moyo chanzo chake chenyewe cha mapigo, na mara nyingi huanza tena wenyewe baada ya muda mfupi. Mapafu hayana bahati hiyo. Hungojea amri kutoka ubongoni, na sehemu ya ubongo inayotoa amri hiyo hubaki imezimia kwa muda mrefu zaidi.

Kwa hiyo una mtu ambaye moyo wake umerudi kupiga, lakini hapumui. Moyo unazungusha damu isiyo na hewa safi. Dakika chache baadaye moyo nao huchoka na kusimama mara ya pili, na safari hii haurudi.

Kati ya kusimama kwa kwanza na kwa pili kuna nafasi. Nafasi hiyo si ya daktari aliye mjini. Ni ya mtu aliye pale chini ya mti.

Mambo matano ya kufanya

Kwanza, mguse. Mwili wa binadamu hauhifadhi umeme. Radi ilipita na kwisha kabla hujasikia ngurumo yake. Hakuna aliyewahi kudhurika kwa kumgusa mtu aliyepigwa na radi. Hatari iliyopo ni radi nyingine, kwa hiyo kama bado inapiga, mvute mgonjwa mbali na mti au ua la waya.

Pili, anza na aliyenyamaza. Katika ajali ya matatu yenye majeruhi wengi, sisi madaktari hufundishwa kuwaacha wasiopumua na kuwahudumia wenye matumaini. Kwa radi, geuza kanuni hiyo. Anayelia anapumua, na anayepumua baada ya radi ni nadra kufa. Aliyelala kimya ndiye anayekuhitaji sasa. Mimi nilijua hayo kutoka vitabuni, lakini siku ile nilivutwa na kelele. Wewe usivutwe.

Tatu, mlaze chali na umfungue njia ya hewa. Inua kidevu, rudisha kichwa nyuma kidogo. Kama alianguka kwa kurushwa, shingo yake inaweza kuwa imevunjika, kwa hiyo mgeuze kwa uangalifu, kichwa na mwili pamoja.

Nne, kama hapumui, au anakwikwika tu mara moja moja, anza kumsaidia. Weka viganja vyako viwili, kimoja juu ya kingine, katikati ya kifua. Bonyeza kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hadi 6, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kila baada ya kubonyeza mara 30, mzibe pua, weka mdomo wako juu ya wake, umpulizie pumzi mbili mpaka uone kifua kinainuka. Kwa mtoto tumia nguvu ndogo, ukibonyeza theluthi moja ya unene wa kifua. Kwa aliyepigwa na radi pumzi hizo ni muhimu mno, kwa sababu pengine ndizo pekee anazokosa.

Tano, endelea, na mtu mwingine apige simu 999 au 112 au atafute gari. Usikate tamaa kwa sababu macho yake yamekodoka na mboni zimepanuka. Katika ugonjwa mwingine hiyo ni dalili mbaya, lakini radi yaweza kupanua mboni za mtu aliye hai. Usimzike kwenye udongo, usimmwagie maziwa, usimpe chochote mdomoni.

Waliopona nao wapelekwe hospitali

Wale wanaotembea wenyewe wasirudi nyumbani kulala. Zaidi ya nusu hupasuka kiwambo cha sikio. Wengine huona miguu yao imekuwa baridi, ya samawati, na haisogei. Hali hiyo huogofya sana, lakini kwa kawaida huisha baada ya saa chache. Sivyo tu, moyo unafaa upimwe kwa mashine, na mama mjamzito lazima aangaliwe mtoto wake tumboni.

Ngozi nayo huweza kuchorwa alama nyekundu kama majani ya jimbi. Nimewahi kuona familia nzima ikikimbia alama hizo, ikisema ni maandishi ya mchawi. Si maandishi. Ni njia ambazo umeme ulipita juu ya ngozi, na hupotea zenyewe baada ya saa kadhaa au siku chache.

Miezi inayofuata ndiyo wengi huisahau. Aliyepigwa na radi anaweza kusahausahau, kukosa usingizi, kuumwa kichwa, kukasirika ovyo au kuingiwa na huzuni. Mtoto aliyekuwa wa kwanza darasani aweza kuwa wa mwisho. Macho yanaweza kupata ukungu wa mtoto wa jicho baada ya miezi. Mtu huyo si mvivu wala hajarogwa. Ni mgonjwa anayehitaji subira na daktari.

Mkono wa nani?

Huwezi kuandika kuhusu radi ya Gusii ukaepuka uchawi. Boma likipigwa, swali la kwanza si "kinga-radi iko wapi?" bali "nani ameituma?" Likipigwa mara ya pili, jirani mkongwe aliye peke yake huanza kutazamwa kwa jicho baya.

Tunajua jicho hilo huishia wapi. Mei 2008 watu 11, wengi wao wazee, waliuawa Kisii kwa kuchomwa moto wakituhumiwa kuwa wachawi. Oktoba 2021 akina mama wakongwe wanne waliuawa huko Marani kwa tuhuma hizo hizo. Misiba hiyo haikuanzishwa na radi, lakini kuni zake ni zile zile: jambo lisiloeleweka, na mtu asiye na wa kumtetea.

Radi hurudi mahali pamoja kwa sababu mahali penyewe hapajabadilika. Kilima ni kile kile, na mkalitusi mrefu ulio nyuma ya nyumba bado umesimama. Jengo la Empire State jijini New York hupigwa zaidi ya mara 20 kwa mwaka. Roy Sullivan, askari wa mbuga nchini Marekani, alipigwa mara 7 kati ya 1942 na 1977 na akapona zote. Kazi yake ilimweka nje, milimani, katika tufani. Hakuwa na jirani mbaya.

Vilevile nguo nyekundu haiiti radi, kioo hakiiti radi, na simu iliyo mfukoni haiiti radi. Simu iliyochomekwa kwenye chaji ni jambo jingine, kwa sababu umeme hufuata waya.

Kinga ni bora kuliko tiba

Vitabu vya ng'ambo husema: ukisikia ngurumo, ingia ndani. Ushauri huo ni mzuri kwa nyumba ya ng'ambo, yenye mabomba na nyaya ukutani zinazoipeleka radi ardhini. Nyumba ya udongo yenye paa la mabati haina njia hiyo. Radi ikigonga paa hutafuta pa kushukia, na njia rahisi ni watu waliojikusanya ndani. Hilo ndilo funzo la kibanda cha Zimbabwe.

Kwa hiyo, hesabu. Ukiona mwanga, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde 3 ni kilomita moja. Ukifika chini ya 30, radi iko karibu kilomita 10 na inaweza kukufikia. Acha jembe, acha majani chai, ondoka uwanjani. Usirudi nje mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Nenda kwenye jengo kubwa la kudumu, au ndani ya gari lenye paa la chuma, vioo vikiwa vimefungwa. Matatu ni kimbilio jema. Si kwa ajili ya magurudumu ya mpira, bali kwa sababu chuma huizungusha radi nje ya abiria. Bodaboda haina chuma cha kukuzunguka. Viatu vya mpira pia si kinga.

Kama huna pa kwenda ila nyumba ya udongo, kaeni mbali na kuta, nguzo, mlango na nyaya za sola, wala msibanane. Kama uko nje kabisa, ondoka kilimani na mbali na miti, achaneni hatua kadhaa, chuchumaa miguu ikiwa pamoja. Usilale chini.

Nawe msomaji wa mjini, uliyemjengea mama nyumba nzuri ya mawe kule Nyamira, ukaitia vigae na sofa, je, uliweka kinga-radi? Kinga-radi ni vitu vitatu: fimbo juu, waya mnene, na chuma kilichozikwa ardhini. Kimoja kikikosekana, hiyo si kinga tena bali mtego. Nimeona mashule yenye fimbo inayong'aa juu ya paa ilhali waya wa shaba uliibwa zamani na kuuzwa kwa vyuma chakavu. Ukienda nyumbani Krismasi, pita kwenye shule uliyosoma, ufuate ule waya kwa macho mpaka ardhini. Kama umekatika, mwambie mwalimu mkuu na kamati ya wazazi.

Usidhani vifo hivi haviepukiki. Katika miaka ya 1940 radi iliwaua zaidi ya watu 300 kwa mwaka nchini Marekani. Leo wastani uko chini ya 30, ingawa idadi ya watu imeongezeka zaidi ya maradufu. Mawingu yao hayakupungua. Watu walibadilisha nyumba, kazi na mazoea.

Yule mama bado yuko hai, na hukutana nami sokoni mara kwa mara. Hatulizungumzii jambo lile. Lakini siku moja nitamketisha nimjibu swali lake kama nilivyopaswa: ndiyo, mama, kama mngemgusa, huenda angepona. Hamkujua, na kutojua si dhambi. Ila wewe msomaji, kuanzia leo, huwezi tena kusema hukujua. Jioni ya leo ukipiga simu nyumbani, kabla ya kuuliza habari za ng'ombe na mvua, waambie haya mawili: aliyepigwa na radi hana umeme mwilini, na anayenyamaza ndiye wa kwanza.